Barua kwa mwanangu: Mlimani hakuna kengele

Makambako, Jumatano usiku

Mwanangu,

Kamwene. Jumamosi unaondoka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nami nakuandikia nikiwa zamu. Taa za bweni nimeshazima na wasichana wa kidato cha nne wanajifanya wamelala. Bahasha hii baba yako atakuletea kesho. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, ila nikisema kwa mdomo unaitikia "ndiyo mama" huku kidole kinapandisha simu. Karatasi angalau utaisoma hadi mwisho, hata kwa kutafuta makosa yangu ya kuandika.

Ninalotaka kusema linanihusu mimi kuliko wewe. Miaka sita umesoma shule ambayo mama yako ndiye matroni. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na siku rimu iliposhindwa kukuamsha, tochi yangu ilikuamsha. Uliamshwa, ukahesabiwa paredi, ukapelekwa prepo, ukafungiwa geti. Ukaenda JKT kwa mujibu wa sheria, huko ikawa filimbi ya afande. Umerudi umekonda, umenyooka mgongo, na majirani wanasema huyu sasa mtu mzima. Mimi nikanyamaza tu, maana wiki yako ya kwanza nyumbani ulikuwa unaamka saa nne.

Sikulaumu. Nimefanya kazi hii miaka 19 nikidhani nafundisha watoto kuamka, kumbe nilikuwa nawaamsha.

Nikuambie kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Kuna msichana alimaliza hapa kabla wewe hujaingia kidato cha kwanza. Alikuwa kiranja wa bweni, daraja la kwanza, mtoto ambaye walimu walimtolea mfano. Alikwenda chuo kimoja, sitakitaja. Miaka miwili baadaye akaja kunisalimia na mkate mkononi, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Nikamuuliza masomo. Akalia. Alikuwa amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, muda mrefu, na baba yake anauza mahindi bado anamtumia hela ya matumizi kila mwezi. Ilianza na vipindi vya saa moja asubuhi. Akakosa kimoja, hakuna aliyemuuliza. Akakosa vitatu. Jaribio likapita hajui kama lilikuwepo. Akaona aibu kumfuata mwalimu, na aibu ikamfanya akose vingine. Nikamwambia, "Mbona hukusema?" Akanijibu, "Matroni, nilikuwa nasubiri niitwe ofisini. Sikuitwa."

Tangu siku ile neno hilo linanijia nikipiga kengele. Hapa mtoto akikosa paredi moja anaitwa kabla chai haijapoa. Huko unaweza kupotea semista nzima na usimkasirishe mtu yeyote.

Basi ushike hesabu hii mapema. Mlimani kazi za semista zina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Shuleni ulizoea kulala lala mpaka miezi miwili ya mwisho ndipo unapiga msuli, na ukafaulu. Huko jaribio la kwanza huja wakati watu bado wanatafuta madarasa ya Yombo yako wapi. Anayeingia mtihani na alama 14 kati ya 40 ana deni kabla ya kukalia kiti. Na GPA inaanza kuhesabiwa semista hiyo hiyo ya kwanza, ile ambayo wengi wanaiita ya kuzoea mazingira.

Ukipata sapu, niambie. Sapu si msiba, ni mtihani wa kurudia. Ukinificha ndipo itakapokuwa msiba.

Umechagua sheria, na sheria ni kusoma. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 na kitivo hicho peke yake, pale mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki 20. Nadhani mwalimu wa watu 20 aliona nani hayupo. Wewe utakuwa katikati ya mamia. Tafuta namna ya kuonekana: kaa mbele, uliza kwenye semina hata kama sauti inatetemeka, mfuate mwalimu ofisini kwake saa alizobandika mlangoni. Hilo la mwisho watoto wa shule za bweni hawaliwezi kabisa. Mmezoea kwamba anayeingia ofisi ya mwalimu ana kosa.

Maktaba mpya ile iliyojengwa na Wachina, iliyofunguliwa 2018, ina nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Usiniambie ulikosa kiti. Binamu yako anasema wengi wanaishi kwa madesa, karatasi za waliotangulia, zimenakiliwa mpaka herufi zimefutika. Desa lisome, sikukatazi, lakini kesi yenyewe uisome pia. Aliyeandika desa alikuwa mwanafunzi kama wewe, na huenda alisinzia siku ile.

Nawaza pia Kiingereza. Najua ulipata alama nzuri kwenye HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza. Lakini Kiingereza cha hukumu kina sentensi ndefu kama treni ya TAZARA. Unakumbuka mwaka 2022 matokeo ya Law School, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yalivyosumbua nchi? Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wote wale walikuwa na digrii mkononi. Wengine walilaumu mitihani, wengine vyuo, wengine lugha, na serikali ikaunda kamati. Mimi sina elimu ya kuamua ugomvi huo. Nilichokisikia ni kwamba mtu anaweza kupita miaka minne akifaulu kwa kukariri, halafu siku moja akaombwa aandike kwa akili yake. Anza na kurasa kumi kwa siku, kamusi pembeni. Usione haya ya kamusi.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mrefu, univumilie, kwa kuwa hela yangu unaijua ilivyo.

Bumu, hela ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, ila haliji kwa siku. Linakuja kwa mkupuo, na la mwaka wa kwanza linaweza kuchelewa wewe umeshafika. Laki sita kwa siku 60 ni nyingi siku ya kwanza tu. Binamu yako bumu lake la kwanza alinunua simu, akala mihogo na kachumbari wiki tano, na picha alizotuma kwa simu ile zilimwonyesha mifupa ya mashavu. Ikiingia, lipia kwanza pa kulala, kisha mchele, unga, maharage na mafuta. Inayobaki igawe kwa wiki, si kwa mwezi, na ya wiki nyingine iweke mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu. Usimkopeshe mtu hela ya chakula. Mgawie chakula.

Na ukumbuke ule ni mkopo. Siku ukiajiriwa Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kila chipsi kuku ya wiki ya bumu utailipa tena ukiwa na watoto.

Chumba hatujui bado. Hosteli za Magufuli zinachukua watu 3,840, na wanaotaka ni wengi mno. Ukikosa, watakuja wenye huruma wakuambie mbebane, kitanda kimoja watu wawili, mmoja jina lake halipo. Wiki moja, sawa. Zaidi ya hapo mtachukiana. Afadhali geto Changanyikeni au Msewe na wasichana wawili mnaojuana, kuliko ubebwe na mtu anayekuhesabia kila kikombe cha maji. Kabla ya kulipa, nenda ukakione chumba usiku. Mchana kila mtaa ni mzuri.

Bima ya NHIF nimeshaweka 50,400 kwenye bahasha ya pili. Hiyo usiiguse kwa jambo lingine hata ukilala njaa. Dar kuna joto na mbu, wewe ni mtoto wa baridi, malaria utaikuta mgeni kabisa. Chandarua kiko chini ya tranka.

Wanaume. Nimewaona wanaopaki magari nje ya geti letu siku za kufunga shule, na huko hakuna mlinzi wa kuwafukuza. Ninayemwogopa zaidi si mwenye gari. Mwenye gari unamwona anakuja. Namwogopa anayeshika alama zako. Akikuita peke yako jioni kuzungumzia mtihani, nenda na mwenzako au usiende. Akitamka anachotaka, andika siku, saa na maneno, hifadhi ujumbe, uende TAKUKURU. Utafika darasani uisome mwenyewe: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Na nipigie mimi saa yoyote. Sitauliza ulikuwa umevaa nini.

Ukimpenda mtu, umpende. Sina la kukufundisha hapo, baba yako mwenyewe nilimpata kwenye foleni ya maji.

Kanisani utakwenda au hutakwenda, hilo nimemwachia Mungu, ingawa ningependa uende. Nywele usizichome.

Saa yangu ya doria imefika, acha nimalizie. Basi lako ni Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na halisubiri abiria. Ukilikosa tiketi imekufa, na nyingine sina. Baba yako nimemkataza kukugongea mlango. Amenuna, lakini amekubali. Mimi nitakuwa natoka zamu, nitakuja moja kwa moja stendi na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha vya kula mkishashuka mlima Kitonga. Nitasimama pale kwenye kibanda cha muuza magazeti.

Tukutane huko.

Mama yako