Kaka, Mrudishie Mtoto Karatasi Yake

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa pili hupokei simu zangu, na ujumbe ninaokutumia unausoma bila kuujibu, kwa hiyo nimeamua kukuandikia hapa, ambapo jamaa zetu wote watasoma na hutaweza kusema kwamba sikukutafuta.

Umewaambia ndugu kwamba nilimficha binti yako. Sikumficha. Alifika kwangu Temeke saa mbili usiku akiwa bado na sare ya shule, macho yamemvimba, nikampa maji ya kuoga, nikamtengea wali na maharage, nikamwacha alale. Nilikupigia asubuhi. Kwamba nilipaswa kupiga usiku uleule nakubali, maana shemeji alikesha akigonga milango ya majirani, naye nimekwisha kumwomba radhi. Lakini wewe ulikuwa umemchapa mtoto wa miaka 13 kwa mkanda kwa sababu ya karatasi moja ya daftari aliyoandikiwa na mvulana wa darasani kwake, nami, ambaye ni baba yake mdogo, nisingemrudisha kwenye mkanda ule.

Alinisimulia kilichoandikwa. Mvulana anasema kwamba siku asipokuja shule, darasa linakuwa kubwa mno. Ni hayo tu, kaka.

Sasa nikukumbushe kituo cha Kariakoo, mwaka 2003, wewe ukiwa konda wa njia ya Mbagala na mimi nikiwa darasa la saba. Unajua kuliko mimi jinsi ilivyokuwa: nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 50, mtu mzima alilipa mara kadhaa ya hiyo, kwa hiyo kila gari lilichukua wanafunzi wawili watatu na wengine tukabaki kituoni hadi adhana ya magharibi. Katika kusubiri huko ndiko nilikomjua yule binti wa Mtoni. Alikuwa akinunua ubuyu, anamimina punje juu ya jalada la daftari, anazigawa moja moja, na ikibaki moja ya ziada ananipa mimi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kila jioni. Sikuwahi kumwambia neno lolote la mapenzi, wala sikuwa nalo. Nilijua tu kwamba magari yakichelewa nafurahi.

Alikuwa akinipa sarafu yake niishike pamoja na yangu, kwa sababu mfuko wa sketi yake ulikuwa umetoboka. Zilikuwa mbili, zile zenye kifaru na mtoto wake, nami nilizibana kiganjani mpaka zinapata joto.

Jioni ile gari lako likafika. Ulinishika mkono ukanivuta ndani, kisha ukaukinga mlango kwa mguu. “Mwanafunzi mmoja tu,” ulisema, na alipokuonyesha kwa kidole kwamba nauli yake iko kwangu, ukamwambia kwa sauti ya kusikika kituo kizima, “Mchumba, mume utamwona kesho.” Watu walicheka. Ukagonga bodi mara mbili, gari likaondoka, na mimi nilikuwa nimeshika shilingi 100, nusu yake ikiwa ya mtu aliyebaki chini.

Alitembea hadi Mtoni kwa miguu. Kesho yake nilimpelekea sarafu yake akakataa kuipokea, na tangu hapo alisubiri gari upande wa wasichana wengine. Tulifanya mtihani mwezi wa tisa, shule zikatutawanya, na katika jiji ambalo hata wakati ule lilikuwa na watu karibu milioni 2.5, mtoto asiye na simu angemtafuta mwenzake wapi?

Najua utasema kwamba ulikuwa unatania, na kwamba posho yako ya siku ndiyo iliyoninunulia viatu vya shule baada ya baba kufariki. Ni kweli, na viatu vile nawashukuru hadi leo, wewe na jua lililokuchoma mlangoni mwa gari lile. Mimi nami nilikuwa mtoto, nilikuogopa, na wewe ndiye uliyekuwa baba kwangu. Hata hivyo gari lilisimama Bendera Tatu, likasimama Uhasibu, na sikushuka. Ndiyo maana binti yako alipogonga mlango wangu sikuweza tena kuwa mtu wa kukaa kimya kwenye kiti, na kama hilo ni kosa, basi nimelifanya nikijua.

Hofu yako naielewa. Sisi tumekulia zama ambazo binti akipata mimba alifukuzwa shule, na ruhusa ya kurudi darasani ilitangazwa Novemba 2021 tu. Lakini mtoto huyu hakupata chochote isipokuwa mistari miwili ya kalamu. Keti naye, umuulize huyo mvulana ni nani, anakaa wapi, wanasoma pamoja somo gani. Atakujibu, kwa sababu mimi alinijibu bila kubembelezwa. Ukimpeleka kijijini kwa bibi katikati ya muhula, kama unavyotishia, mtihani wa mwezi wa tisa atafanyia wapi?

Shemeji ameniambia kwamba karatasi ile bado umeiweka katika pochi yako, pamoja na leseni. Nitakuja Mbagala Jumamosi baada ya alasiri, hata kama hutafungua mlango. Naomba uwe umemrudishia kabla sijafika.

Mdogo wako.