Mnaocheka vipimo vya kano hamjawahi kupasuliwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimyakimya kwa miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya wiki iliyopita ya kuwakejeli wataalamu wa anatomia "wanaopima miguu ya maiti kwa rula". Eti mguu si mguu tu?

Si mguu tu. Kano yangu ya kisigino, ile nene kuliko zote mwilini, ilikatika, nikachelewa kutibiwa, ncha zikaachana. Daktari akasema ataziunga na kuimarisha mshono kwa kano ya plantarisi, kiuzi chembamba kinachoanzia nyuma ya goti na kuteremka zaidi ya sentimita 30 mpaka kisiginoni, ambacho hata kikitolewa mtu haoni tofauti. Nilipigwa sindano ya ganzi ya mgongo, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa kazini. Nikasikia: "Haipo. Hebu vuta hapo tena." Kisha: "Haipo kabisa." Takriban mtu 1 kati ya 10 hana kano hiyo, na mimi nimeyajua hayo nikiwa kifudifudi, mguu umeshafunguliwa! Ikabidi waazime kano inayokunja kidole gumba cha mguu, na hadi leo nikipanda ngazi kidole hicho hakisukumi. Daktari simlaumu, alihangaika. Lakini altrasaundi ya kabla ya upasuaji ingeweza kuonyesha kama kano ipo, na unene wake kwa milimita. Na nani anayejua milimita hizo zina maana gani, kama si hao mnaowacheka? Wao ndio waliotuonyesha kwamba kano ya kisigino hukatika hasa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, ambako damu hufika kwa shida. Ndio waliopima kwamba mshipa wa fahamu wa surali hukatiza ukingo wake wa nje kama sentimita 10 juu ya kisigino, kwa wengine juu zaidi, kwa wengine chini. Daktari anayeshona kupitia vitundu vidogo bila kulijua hilo anaweza kuunasa kwa uzi, ukabaki na ganzi ubavuni mwa mguu maisha yako yote.

Na ukurasa wenu wa michezo nao! Mchezaji akikatika kano ya kisigino, "atarejea baada ya wiki 6". Wiki 6 wengi bado wamo ndani ya kiatu kigumu cha hospitali. Uwanjani ni miezi 6 na kuendelea, na wapo wasiorudia hali yao. Kijana akisoma uongo huo anajiona mzembe, anaanza mbio, inakatika tena.

Pendekezo: chapisheni katika kurasa mbili za katikati mchoro wa mguu, kuanzia goti hadi kisigino, kwa ukubwa wake halisi, na rula pembeni. Nakala moja abandikiwe mhariri wa michezo mezani. Mkikosa nafasi, ondoeni utabiri wa nyota.

Msomaji asiye na plantarisi (mguu wa kushoto, wa kulia haujapimwa)