Ndugu Ilunga, hizo 285 zingoje kwanza

Lubumbashi, mwishoni mwa mwezi wa kenda

Ndugu yangu Ilunga,

Ujumbe wako nimeupata, na picha za yale matairi pia. Mazuri kweli, sikatai: meno marefu, ubavu mnene, na vile muuzaji alivyoyapanga ukutani na kuyapaka dawa ya kung'arisha, mtu anaweza kutoa pesa kabla hajauliza bei. Naomba uwe bado hujatoa. Haraka yako naielewa, maana mvua ziko mlangoni, na mwezi wa kumi na moja ukikukuta kule Kapolowe na hivyo vipara ulivyo navyo sasa, samaki watakuharibikia njiani. Matairi ya matope unayahitaji, hapo hatuna ubishi. Ubishi wangu ni wa saizi.

Toyota Prado yako ilitoka Japani na 265/70R16. Hayo ya kwenye picha ni 285/75R16. Kwa macho ni hatua moja, lakini chukua kalamu. Upana wa tairi, ile 265 au 285 ya milimita, unauzidisha kwa asilimia inayofuata, ile 70 au 75, unapata kimo cha ubavu. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili. Halafu unajumlisha janti (rimu) ya inchi 16, yaani milimita 406. Tairi lako la sasa lina kimo cha milimita 777, hilo jipya 834. Unaona pengo la milimita 57 na unafurahi. Sasa kumbuka kwamba ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo gari linapanda nusu yake tu, hata sentimita 3 hazifiki. Kwa ajili ya hizo ndiyo utakata plastiki, utachosha injini na utabeba uzito kila siku, hata kiangazi.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua 265/75R16, yenye meno yale yale ya matope. Kimo chake ni milimita 804. Gari litapanda sentimita 1.3, na najua hapo umecheka. Cheka, lakini kinachokutoa kwenye tope ni meno. Angalia mapengo yaliyo kati ya meno: gurudumu likizunguka, tope linatupwa nje na jino linarudi chini likiwa safi, linauma tena. Tairi la barabarani mapengo yake ni madogo, yanajaa mara moja, na yakishajaa unabaki unazungusha duara la udongo juu ya udongo. Hapo hata uwe na gia za namna gani, hutoki.

Na upana usikudanganye. Kwenye njia zetu za udongo mwekundu utelezi uko juu, lakini chini kuna changarawe ngumu. Tairi jembamba kidogo linakata lile tope na kuifikia changarawe. Pana zaidi linaelea juu na kukutupa mtaroni. Hata pale wanakijiji walipofukia shimo kwa udongo wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali, mvua ikinyesha mara moja panageuka sabuni, lakini ngumu iko chini yake. Kando ya ziwa Tshangalele ni habari nyingine. Ule udongo mweusi wa bondeni hauna mwisho, na hapo upana unasaidia kidogo, sikunyimi haki yako. Ila kupunguza upepo kunasaidia zaidi. Kama kwenye lami unatembelea upepo wa kilo 2.2, shusha hadi 1.4 kabla hujaingia, si baada ya kunasa. Tairi litalala, litashika ardhi kwa urefu zaidi. Uende polepole, usikate kona kwa nguvu, na ukirudi kwenye lami ulijaze tena kabla ya kukimbia. Kuna pampu ndogo za kuunganisha kwenye betri. Inunue hiyo kwa pesa utakayobakiza kwenye saizi.

Wiki iliyopita tuliletewa hapa garaje Prado ya umri wa yako, imevikwa 285 hizo hizo, na mwenyewe anaapa kwamba hazigusi popote. Alikuwa amegeuza usukani kulia na kushoto uani, gari likiwa limesimama mahali pa sawasawa, akatosheka. Kijana wetu akachukua chaki akapaka ndani ya bawa la mbele, akapaka ile mipira ya kuzuia tope iliyo nyuma ya gurudumu, na chesisi upande wa ndani. Tukapandisha gurudumu la mbele kushoto juu ya rundo la matofali mpaka springi ikakandamizwa, usukani umegeuzwa hadi mwisho, gari likasogezwa mbele na nyuma mara kadhaa. Kijana akajilaza kwenye katoni na tochi mdomoni. Chaki ilikuwa imefutika sehemu mbili: kwenye mpira wa kuzuia tope wote, na kwenye plastiki ya bawa upande wa nyuma, alama pana kama kiganja. Mwenye gari akasema kateni, basi wakakata. Sasa tope linaruka hadi kwenye nyaya za taa, na bado akiingia shimoni huku anapinda kona anasikia mkwaruzo. Anayekuuzia 285 na janti zinazotokeza nje anakwambia zinamaliza tatizo. Zinaliondoa kwenye chesisi na kulipeleka kwenye bawa, na beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi.

Halafu injini. Tairi la 834 ni kubwa kuliko la 777 kwa asilimia 7 hivi, na ni sawa na mtu aliyeziongezea gia zako zote urefu bila kukuuliza. Gia ya kwanza inakuwa nzito, mlimani unashuka gia mapema, mazuti, yaani dizeli, yanakwenda. Hiyo 1KZ yako ni injini nzuri, ila haisamehi joto; silinda hedi yake kupasuka ni hadithi ya kila garaje ya mji huu. Ukinunua tairi lolote la matope, hata hilo dogo langu, safisha rejeta kabla ya mvua, na kwenye tope ingia na gia za chini mapema. Usisubiri mshale wa joto uanze kupanda.

Spidomita nayo itakudanganya. Kama ilikuwa sahihi, ikisoma 100 utakuwa kwenye 107. Kwa 265/75 utakuwa kwenye 103, hiyo inavumilika. Hata hesabu ya mazuti itaharibika: utadhani gari limeanza kunywa kupita kiasi, kumbe kilomita nyingine hazihesabiwi. Na kwa kuwa nusu ya safari zako ni lami ya Likasi, katikati ya malori ya shaba, ujue kwamba meno ya matope yanavuma kwenye lami, na lami ikilowa breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mdogo. Jiachie nafasi mbele. Mke wako atalalamika kuhusu kelele, mwambie mapema.

Nunua matano. Prado yako inasukuma magurudumu yote manne wakati wote, na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipendi gurudumu moja lenye kimo tofauti. Siku utakapofunga spea ya zamani ya 777 pamoja na mapya matatu, ile difu itafanya kazi bila kupumzika hadi ufike nyumbani, na ukiifunga kwa ile lock kwenye barabara ngumu unavunja kitu. Na spea yako inaning'inia kwenye mlango wa nyuma, ambao bawaba zake tayari zinalia. Jingine la kilo nyingi zaidi zitalibeba kwa muda gani?

Kwa muuzaji, usiangalie mng'aro. Inama, tafuta kwenye ubavu tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi hilo lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama halijawahi kuguswa na barabara. Yafungue meno kwa vidole uone kama chini kuna nyufa ndogo ndogo. Namba ya mzigo isiwe chini ya 112, ambayo ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Mapipa ya samaki na barafu si mchezo. Akikukataza kuinama, aga uondoke.

Nipigie Jumapili baada ya misa, uwe umesimama mbele ya hayo matairi, unisomee namba zote za ubavuni. Kama ana 265/75 za mwaka wa karibuni, mwambie akuwekee, nami nitakuja na kijana wa chaki.

Msalimie mama watoto na wadogo wote. Huku tuko wazima, joto tu ndilo linatuua.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Mwape

N.B. Siku utakapovalisha, kwado, yule fundi wa matairi, akishakaza nati usizisahau. Tembea kilomita kama 50, kisha simama uzikaze upya wewe mwenyewe kwa spana ya mkono, na ile spana ibaki ndani ya gari. Mara ya mwisho niliiona imeegemezwa kwenye mlango wa banda lako la kuku.