Barua ya Wazi kwa Afisa Aliyefuta Maneno ya Katuni Yangu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekuandikia mara tatu bila kujibiwa, sasa naandika mbele ya watu wote.

Jumatatu asubuhi nilikuta bango langu la kipindupindu kwenye kioski cha maji hapa Kayole. Viputo vya maneno vimefutwa vyote, na chini ya picha mmejaza aya ya herufi ndogo. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mitungi akaniuliza, "Kwani siku hizi mnatuambia tunywe bila kuchemsha?" Alichokiona ni mwanamume anayetabasamu akimpa mtoto kikombe. Katika mchoro wangu mtoto anakikataa: "Mama amesema yachemshwe kwanza." Jibu hilo ndilo bango lenyewe, Mheshimiwa. Mmelifuta, mkaliacha jina langu pembeni!

Niliambiwa kwa simu kwamba maandishi yanachafua picha. Labda mlitaka tu nafasi ya nembo. Rodolphe Töpffer wa Geneva, mchoraji wa hadithi za picha wa miaka ya 1830, naye aliweka maneno chini ya picha, lakini kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno machache kwa kila picha. Mwaka 1837 alieleza kwamba michoro yake bila maandishi ingekuwa na maana hafifu, na maandishi bila michoro yasingekuwa na maana yoyote. Tarehe 25 Oktoba 1896, katika gazeti la New York, Richard Outcault alimchora mtoto wa shati refu la manjano na gramafoni inayoongea. Mwishoni kasuku anatoka ndani yake: kumbe ndiye aliyekuwa akisema. Futa viputo, uone kama kuna hadithi inayobaki.

Mimi nilijifunza kusoma kwa katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, nimelala kifudifudi juu ya gazeti la Taifa Leo la babu. Nilitazama uso kwanza, kisha nikakisia neno. Wapo watu wazima mtaani kwetu wanaosoma hivyo hadi leo. Bango lile ni lao.

Mwezi Machi ulituahidi wachoraji kwamba hakuna kitakachobadilishwa kabla hatujaambiwa. Ulirudia mara mbili. Nusu ya malipo yangu sijaiona, na leo siidai.

Naomba mabango hayo yabanduliwe. Faili yenye viputo mnayo. Yabanduliwe leo, Mheshimiwa, maana jioni yule mama atarudi kuchota maji, na safari hii huenda akaja na watoto.

Wako,
Mchoraji, Kayole