Harambee ya Mikoko ya Matondoni: Safari Hii Tunachangia Kipimo

Assalamu alaikum waungwana.

Ndugu zetu wa Matondoni, Kipungani, Amu (Lamu) mjini na Mokowe, na nyinyi mlioko Mombasa, Nairobi, Maskati na popote riziki ilipowapeleka: kikundi chetu cha mikoko kinawaita kwenye harambee Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya sala ya alasiri, uwanjani mbele ya madrasa. Tunatafuta shilingi 780,000. Na tunasema mapema, asije mtu akatoa kisha akajuta: hela hizi si za kununua miche. Hautapandwa hata mche mmoja. Hela hizi ni za kupima msitu.

Najua wako walioshakunja uso. Kuchangia miche ni rahisi, mtu anaona alichonunua. Anaingia topeni na fulana mpya, anapigwa picha ameshika mkoko mchanga, jioni picha iko kwenye simu za ukoo mzima. Futi kamba na daftari havipigwi picha. Lakini tuulizane kwa haki: ile miche iliyopandwa na wageni kwenye tope jeupe upande wa mlangoni mwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia msituni, iko wapi leo? Walikuja na nia njema na mashua mbili, wakapanda siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, wakaondoka. Lilipokuja bamvua la kwanza, yale maji makubwa, likazoa nusu. Iliyobaki ikavamiwa na chaza wadogo mpaka ikalemewa ikalala. Kaa nao walikula sehemu yao.

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Ufilipino wamepanda mikoko kwa maelfu ya hekta, kwa fedha nyingi za wafadhili, na watafiti walipokwenda kuhesabu wakakuta iliyosalimika ni kati ya asilimia 10 na 20 tu. Sababu kubwa ilikuwa mahali. Mkoko ulipandwa palipo wazi na rahisi kufikika, si pale ambapo mkoko humea. Kisha mbegu za mkoko wenyewe (jina hili ni la miti hii yote, na pia la aina yake moja) huchaguliwa kwa kuwa ni ndefu, zinaokoteka, na ukizichomeka topeni zinasimama wima papo hapo. Mbegu ya mlilana, aina nyingine ya miti hii, ni ndogo mno, nani ataisumbukia?

Wakataji wetu hawahitaji kufundishwa kwamba kila mti una makao yake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na maji kila siku. Nyuma yake mkoko. Mkandaa, aina ya tatu, huanza maji yanapopungua. Mchu, aina ya nne, ni wa ajabu kidogo, utaukuta karibu na bahari na utaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi, penye maji ya bamvua tu. Wanajua pia kwamba mchu ukikatwa huchipuka, na mkoko ukikatwa umekufa. Shina halirudi tena, na mahali pake patangoja mbegu. Elimu hii ni ya mababu, na ndiyo iliyojenga mji wa Amu. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti, na boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, korja kwa korja (korja ni ishirini), mpaka serikali ilipofunga biashara ya kuzipeleka nje mwaka 1982.

Elimu ya wazee haina kasoro. Kilichobadilika ni bahari. Mzee alijifunza mahali pa mkandaa wakati maji yakifika pale yalipofika siku zake. Tangu 1901 hadi 2018 kiwango cha bahari duniani kimepanda kiasi cha sentimita 20, na mwishoni mwa muda huo mwendo ulikuwa umefika karibu milimita 4 kwa mwaka. Milimita 4 mvuvi hazioni, lakini mti unazisikia. Ukiongeza joto la bahari, na mvua zinazokataa miaka mitatu kisha zikashuka zote kwa mwezi mmoja, utaelewa kwa nini ramani iliyo kichwani mwa ami zetu inahitaji kusahihishwa kila baada ya miaka michache. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, na kule Mwache, Mombasa, mikoko ikafunikwa mizizi ikafa imesimama. Hakuna aliyeikata.

Mikoko lakini haikai ikingoja kuzama. Inainua sakafu yake yenyewe. Mizizi hukamata tope linaloletwa na maji, na mizizi midogo ikifa chini huongezeka humo humo. Kama tope linapanda sawa na bahari, msitu unabaki. Kama linapanda nusu, mlilana wa mbele utaanza kufa, na miti ya nyuma itataka kurudi juu zaidi. Na huko juu tumeshajenga, tumeshalima, au tumeshaweka ua. Basi swali la msitu wetu ni moja: tope la hori letu linapanda milimita ngapi kwa mwaka?

Jibu hupatikana kwa kifaa ambacho fundi yeyote wa vyuma atakielewa. Chuma kinapigwa chini ya tope, kinaongezwa kingine, na kingine, mpaka kigome kabisa kwenda. Hapo kimefika pasiposogea. Juu yake unafungwa mkono wa chuma uliolala sawasawa, wenye vijiti 9, na kila kijiti kinateremshwa taratibu mpaka kiguse uso wa tope. Unasoma urefu wa kila kijiti, unageuza mkono upande wa pili, unasoma tena, mpaka pande 4, vipimo 36. Pembeni unamwagwa unga mweupe wa mawe. Ukirudi mwaka ujao unakata kipande cha tope na kuona mstari mweupe umefunikwa kiasi gani. Vifaa vya namna hii viko Gazi, kule Kwale. Kwenye hori letu hakuna hata kimoja, na sisi Lamu ndio wenye hekta 37,350 za mikoko kati ya 61,271 za Kenya nzima, kwa hesabu ya mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027.

Gazi ni mfano ninaotaka tuutazame vizuri, kwa sababu unatajwa sana na hausimuliwi wote. Watu husema Gazi wanauza hewa. Kweli, tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya hekta 117, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Lakini mnunuzi hakununua sura ya msitu. Alinunua hesabu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Dkt. James Kairo na wenzake, walikuwa wameshatembea kwenye tope la Gazi tangu miaka ya 1990, wakipima miti ile ile, wakipanda na kuandika uliokufa na uliopona. Ndio hao hao wa Gazi waliogundua kwamba mlilana uliokuwa ukikauka kuanzia matawini haukuuawa na maji wala shoka; ndani ya matawi kulikuwa na viwavi wa nondo na mende wanaotoboa mbao. Utajuaje hayo kwa kupita na mashua?

Siahidi hela za kaboni. Atakayesimama kwenye harambee hii akaahidi hela za kaboni, mkalisheni. Ninaloweza kusema ni kwamba bila vipimo mlango huo haufunguki hata ukibishwa, na hata ukifunguka, asiye na hesabu yake atasaini hesabu ya mwenzake.

Lililo karibu zaidi ni shoka. Familia nyingi hapa zinakula kwa boriti, na kila amri ya kufunga ukataji inapotoka, kama ile ya Februari 2018, mkataji hana la kuonyesha. Anasema, "Sisi tunakata kwa adabu." Ofisa anauliza, "Mnakata ngapi, na zinaota ngapi?" Kimya. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuandikiana na Shirika la Huduma za Misitu mpango shirikishi wa kusimamia msitu, lakini mpango huo unataka hesabu ya miti iliyopo, kwa aina na kwa unene. Wakataji wetu wanatambua fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa jicho, hawakosei. Karatasi inataka sentimita. Kazi yetu ni kukaa na wazee na kuandika jicho lao kwa sentimita: boriti ni takriban 11 hadi 14, mazio iko chini yake, na kuendelea. Picha za setilaiti zinasaidia, na ndizo zilizoonyesha kwamba kati ya 1985 na 2010 Kenya ilipoteza kama asilimia 18 ya mikoko yake. Ila setilaiti inaona majani. Haioni kwamba chini ya majani hayo boriti zote zimekwisha na zimebaki fito.

Kazi tumeshaianza kidogo, kwa vifaa vya kuazima. Binti mmoja wa kidato cha nne ndiye hodari wetu. Mti wa kawaida hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini, lakini kwenye mkoko hapo pengine ni mizizi mitupu, shina halijaanza. Kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Basi utamwona amepanda juu ya mizizi, buibui limefungwa kiunoni, futi kamba ameiuma kwa meno, mbu wanamla, na anapiga kelele, "Mkandaa, saba nukta mbili! Mkoko, kumi na mbili kasoro!" Mwenzake anaandika. Kipande ni mita 10 kwa 10, kamba imezungushwa, na mti uliopimwa unatiwa rangi usije ukapimwa mara mbili. Maji yakianza kujaa wanakimbia.

Ami mmoja alituambia barazani, "Bahari ni ya Mungu, mtaipima vipi?" Tulimjibu kwa heshima kwamba hakuna nahodha wa Amu asiyehesabu siku za mwezi ili ajue bamvua na maji mafu. Akacheka. Ameshatoa 2,000, na anasema atatoa tena.

Hela zitakwenda hivi. Posho ya vijana 10 kwa mwaka mmoja, shilingi 300,000. Si mshahara, ni nauli na chakula, maana siku ya kupima ni siku ya kukosa kibarua. Vituo vitatu vya vyuma vya kupimia tope, 240,000, pamoja na fundi. Mashua na petroli 150,000. Kifaa cha GPS, futi kamba, madaftari yasiyolowa, rangi na mabuti, 90,000. Posho za viongozi hakuna. Mimi mwandishi wa kikundi sichukui kitu, na mweka hazina ni mama anayeogopwa na kila mtu.

Tuna sharti moja, na tutalisema mbele ya wataalamu watakaokuja kutufundisha. Huko nyuma walikuja watu na karatasi zao, tukahojiwa, tukawapeleka na mashua zetu, matokeo hatukuyaona mpaka leo. Safari hii nakala ya kila daftari inabaki Matondoni, ndani ya sanduku la chuma kwenye ofisi ya shule, na kila mwaka matokeo yatasomwa barazani kwa Kiswahili, mazuri na mabaya. Kama vipimo vitasema tunakata kupita kiasi, hilo pia litasomwa. Wakataji wamekubali, japo haikuwa mchana mmoja.

Asiye na fedha ana njia nyingine. Mwenye mashua atupe siku mbili za bamvua kila mwezi, kwani vipimo vya nyuma kabisa vinataka maji makubwa kutufikisha. Wazee wanaokumbuka msitu ulivyokuwa kabla ya 1997 waje wakae na vijana, waonyeshe mahori yaliyofungwa na yaliyofunguka. Mafundi wa jahazi watupe vipande vya mbao za alama. Akina mama wameshajigawia mahamri na chai ya siku yenyewe.

Nambari ya kutuma kwa M-Pesa imeandikwa kwenye bango mlangoni mwa madrasa, na wajumbe wa kikundi mlioko nao mjini watawapa. Msitume kwa nambari nyingine yoyote hata ikija na jina langu. Kila anayetoa ataandikiwa risiti. Mlio ng'ambo mnaweza kutuma kupitia ndugu zenu hapa, na jina lenu litasomwa siku ya Jumamosi, isipokuwa anayetaka lisisomwe. Vijana wanaanza kupiga chuma cha kwanza bamvua linalofuata harambee, Inshallah, upande wa mlilana.