Barua kwa mhariri: mchoro wenu wa neva umeishia shingoni

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na timu nzima. Naandika kuhusu ile makala yenu ya mfumo wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na kabla sijaanza kulalamika niseme tu nimefurahi mmeigusa hiyo mada, maana watu wengi wakisikia neva wanaona ni mambo ya madaktari wanapita. Pia hamkurudia ule uongo wa kwamba binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, kwa hilo hongereni. Ila mchoro wenu umenikera. Ubongo umechukua karibu ukurasa mzima, una rangi, kila sehemu imeandikwa jina, alafu chini ya shingo mmechora kamstari kamoja kembamba kanashuka mpaka mwisho wa mgongo, basi, habari imeisha. Na pembeni mkaandika ubongo ndo bosi, hizo neva nyingine zote kazi yao kupeleka amri za bosi. Hapo ndo tumepishana.

Mimi nafanya fiziotherapia, yaani nashinda na watu waliopata kiharusi, walioumia mgongo, waliobanwa neva za mikono na miguu, kwaiyo hicho mlichokichora kwa kamstari ndo kinachonipa riziki. Na ubaya wa kuambiwa kila kitu kiko kichwani ni kwamba mtu akianza kusikia ganzi kidoleni hajui aangalie wapi, anawaza kichwa, anawaza presha, halali usiku, kumbe neva imebanwa kwenye kiwiko.

Tuanze na huo uti wenyewe, nikimaanisha ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya pingili za mgongo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 42 mpaka 45 hivi, na haufiki chini kama mlivyochora, unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini ni neva tu zimening'inia kwenye maji, fungu zima. Hii sio kutafuta makosa kwa makusudi, ina maana kubwa. Kile kipimo cha maji ya uti wa mgongo watu wanakikimbia kwa sababu wamesikia sindano itachoma uti wapooze, wengine wanakataa kabisa hata kama daktari anashuku homa ya uti wa mgongo ambayo inaua haraka. Sindano ile kwa mtu mzima inachomwa kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, au ya nne na ya tano, mahali ambapo uti umeshaisha, na zile neva zinazoelea zikiguswa mara nyingi zinasogea pembeni. Mchoro sahihi ungemaliza hiyo hofu bila hata maneno, ila wenu unaiongeza.

Kutoka kwenye uti zinatoka jozi 31 za neva, 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu pale nyuma ya nyonga na 1 ya kifandugu (pingili za shingo ni 7 tu lakini neva zake ni 8 kwa sababu ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza, hili swali huwa linawapiga chenga wanafunzi kila mwaka). Ukijumlisha na zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja unapata karibu neva zote zilizo nje ya ubongo na uti. Na kila neva ya uti imeshikwa na mizizi miwili, wa nyuma unaingiza hisia, wa mbele unatoa amri za misuli. Charles Bell aliandika kuhusu hiyo mizizi mwaka 1811, Mfaransa François Magendie akaonyesha kazi ya kila mmoja vizuri mwaka 1822, alafu ukazuka ugomvi wa nani alianza. Ndo maana mtu anaweza kupoteza hisia mkono ukabaki na nguvu, au kinyume chake.

Sasa turudi kwa bosi. Chukua lile jambo la daktari kukugonga goti kwa kanyundo. Umekaa mguu unaning'inia, anagonga kano pale chini ya kifuniko cha goti, msuli wa paja unavutika kidogo, habari inakimbia mpaka kwenye uti usawa wa neva ya pili mpaka ya nne ya kiuno, pale inakutana moja kwa moja na seli inayoendesha msuli uleule, mguu unaruka. Sinepsi, yaani pale seli moja ya neva inapokabidhi habari kwa nyingine, ni moja tu hapo katikati. Ubongo unapata taarifa ndio, lakini unaipata mguu umesharuka.

Mtu akiumia uti juu ya hapo, tuseme kifuani, mwanzoni miguu inalegea kabisa, alafu baada ya wiki kadhaa refleksi, yaani miruko ya aina ile ya goti, zinarudi na zinarudi kwa fujo, ukimgusa unyayo tu mguu unajikunja wote. Ndugu wanakuja mbio, dokta dokta amechezesha mguu! (na mimi sio dokta). Mimi ndo wa kuwaambia kwamba aliyechezesha mguu ni uti peke yake, mgonjwa mwenyewe hata hajajua kama ameguswa. Hiyo ni sehemu ngumu kuliko zote kwenye kazi yangu na ingekuwa nyepesi kidogo kama watu wangekuwa wameshasoma mahali kwamba uti una kazi zake. Inakuwa kwa fujo kwa sababu kazi moja kubwa ya ubongo juu ya uti ni kuuzuia. Bosi gani huyo ambaye akiondoka wafanyakazi ndo wanazidisha kazi?

Tumbo ndo kabisa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli za neva mamilioni kwa mamilioni zimepangwa kwenye matabaka mawili, moja kati ya misuli, jingine chini ya utando wa ndani, na mwaka 1899 Bayliss na Starling wa Uingereza walikata neva zote zinazokwenda kwenye utumbo wa mbwa na utumbo ukaendelea kusukuma chakula mbele kwa mpangilio uleule. Neva ya vagasi inayotoka chini ya ubongo mpaka tumboni, ambayo watu mtandaoni wanaisifia sana siku hizi kama dawa ya kila kitu, nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, zinazoshusha ni chache. Moyo nao una mapigo yake wenyewe. Uliopandikizwa umekatwa neva zake zote na bado unadunda, tena unadunda haraka kidogo kuliko kawaida maana breki ya vagasi haipo. Tangu Christiaan Barnard alipopandikiza wa kwanza mwaka 1967 jambo hili liko wazi.

Simaanishi ubongo hauna kazi jamani. Kilo moja na robo tatu hivi za bosi, hapana, nimezidisha, ni kama kilo 1.3 au 1.4, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Una seli za neva kama bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 ziko kwenye ubongo mdogo, kale kasehemu ka nyuma chini ambako uzito wake ni sehemu ya kumi tu ya ubongo wote. Na nyinyi mmekapa sentensi moja.

Kitu ambacho ningependa wasomaji wenu wakipate ni kwamba mahali dalili ilipo panakwambia tatizo liko wapi. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, hiyo ni neva inayopita nyuma ya kiwiko, ileile ukijigonga unasikia shoti mpaka mkononi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na ile nusu nyingine ya cha pete, hapo mara nyingi neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, inasumbua zaidi usiku, mtu anaamka anakung'uta mkono. Kidole cha pete kimegawanywa katikati na neva mbili tofauti, mwambie mtu mwenye tatizo hilo apitishe pamba pande zote mbili za kidole uone anavyoshangaa. Miguu yote miwili imekufa ganzi kuanzia kwenye mstari fulani wa tumbo kwenda chini, hapo unafikiria uti, na ni haraka. Nusu ya mwili, uso umeshuka upande mmoja, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki, ghafla tu, hiyo ni kichwani, upande ulio kinyume na ule ulioathirika kwa sababu nyuzi nyingi za kuendesha misuli zinavuka kwenda upande mwingine pale mwishoni mwa shina la ubongo, linapoungana na uti, na huyo apelekwe hospitali dakika hiyohiyo, asisubiri kesho aone kama atapata nafuu.

Na kama mnataka picha moja ya kumwonyesha mtu huo mpangilio kwa macho, wekeni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga vikishamaliza fujo zao utotoni haviondoki, vinajificha kwenye ganglia, yale mafundo madogo ya seli yaliyopo kwenye mzizi wa nyuma wa kila neva ya uti. Miaka inapita, kinga inashuka, vinaamka kwenye fundo moja na kutembea na neva hiyohiyo mpaka kwenye ngozi. Ndo maana malengelenge yanatoka kama mkanda, upande mmoja, yakianzia mgongoni yanazunguka ubavu yanakuja kukoma katikati ya tumbo kabisa. Watu wanatishana eti ukizunguka ukakutana mtu anakufa. Mara nyingi haukutani kwa sababu neva ya kulia na ya kushoto ni mbili tofauti na kila moja inaishia kwake, na ukitokea pande zote mbili mara nyingi maana yake kinga ya mtu imeshuka, aende hospitali, lakini kukutana kwenyewe hakuui mtu. Dawa za virusi zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, kwaiyo huku kutishana kunapoteza muda ambao mgonjwa hana.

La mwisho ni kupona, na hapa makala yenu ilisema tu neva hazioti tena. Za ndani ya ubongo na uti ndio, karibu hazioti kabisa, mgonjwa anapata nafuu kwa sehemu zilizobaki kujifunza kazi mpya. Lakini neva ya mkono au mguu iliyokatika na ikashonwa vizuri inaota, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu, kutoka jeraha mpaka msuli ni sentimita 30, hiyo ni miezi kama 10, na mgonjwa kwenye mwezi wa tatu anaona mkono bado umelala anaacha mazoezi, viungo vinakakamaa, siku neva inafika kwenye msuli inakuta hakuna pa kufanyia kazi. Wagonjwa wa hivyo wako wengi sana na baadhi yao lazima wamesoma ile sentensi yenu.

Kwaiyo naomba sehemu ya pili ya makala, kurasa mbili zinatosha. Mtu achorwe mbele na nyuma, ngozi yake ipakwe rangi kufuata neva inayohudumia kila eneo kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, na pembeni muweke ile hesabu ya milimita. Mkipenda niupitie mchoro kabla haujaenda kuchapwa nitafanya hivyo bure.

Wenu msomaji,
Mtu wa fiziotherapia