Makao ya wazee Malindi yakaguliwe usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea hapa Malindi kuhusu makao yapi ya wazee ni bora kuliko mengine. Nimeusikia sokoni, nimeusikia harusini, na juzi nimeusikia hata ndani ya tuktuk, ambapo dereva alikuwa na maoni mazito kuliko abiria. Huyu anasifu nyumba fulani kwa bustani na vigae vyake, yule anaiponda nyingine kwa kuwa imeezekwa makuti. (Kwa joto letu makuti yana afadhali kuliko mabati, lakini tuyaache hayo.) Mimi ni nesi mstaafu, na tangu nitoke wodini nimekuwa nikiombwa na watoto wa watu walioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni niwaangalilie mahali pa kumweka mzazi. Nimeingia kwenye nyumba kadhaa za namna hiyo. Ninavyoona, tunalinganisha kile kinachoonekana barazani saa nne asubuhi, wakati sakafu imeshapigwa deki na wazee wameshavalishwa nguo za kupokea wageni.

Kazi yenyewe ya kumtunza mzee iko kwingine. Mzee aliyepooza hawezi kujigeuza kitandani. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo vidonda vya kulalia vinaanza kwenye visigino, kwenye nyonga na pale chini ya mgongo. Vitabu tulivyosomea vilituambia tutafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Utakachoona ni pahali palipozidi weusi, au ukipapasa utahisi pana joto, au pamekuwa pagumu kuliko ngozi ya kando yake. Mhudumu asiyelijua hilo atakuapia kwamba mgonjwa wake hana kitu, na atakuwa anasema kwa moyo safi, hadi siku ngozi itakapofunguka. Kidonda kikifunguka huwa kimeshaharibu ndani, na kinaweza kufika mfupani. Ndiyo maana mimi nikishasalimia huomba nifunuliwe shuka, nione visigino. Jinsi ombi hilo linavyopokelewa tayari ni jibu.

Kuna nyumba moja, siitaji, iliyonionyesha karatasi ya kugeuzia wagonjwa ikiwa imejazwa vizuri mno. Kila baada ya saa mbili pana alama na sahihi. Niliisoma mpaka chini nikakuta zamu ya usiku wa manane na ya alfajiri nazo zimeshatiwa sahihi, na wakati huo adhana ya Magharibi ilikuwa bado. Kalamu ile ile, mwandiko ule ule. Nyumba hiyo ina vigae vizuri sana na wengi wanaisifu.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha aulize kwanza habari za usiku. Ni wahudumu wangapi hubaki zamu ya usiku, na kwa wazee wangapi? Kati yao yupo nesi aliyesajiliwa, au wote ni wasichana walioletwa kupika na kufua ambao baadaye walikabidhiwa wagonjwa? Wikendi je? Mlango wa nje ukifungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa kwa nani, na moto ukizuka mzee wa kiti cha magurudumu anapita wapi? Godoro la upepo, lile linalojaa na kupungua ili mwili usilalie upande mmoja, hutegemea pampu ya stima. Stima zikipotea usiku kucha, na sisi wa Malindi tunajua hupotea, mgonjwa anabaki amelalia mfuko uliosinyaa. Uliza kama pana jenereta, kisha omba iwashwe.

Halafu maji. Uzeeni kiu hupungua hata kama mwili umekauka, kwa hiyo mzee haombi maji, anapaswa kupewa. Katika miezi ya Kaskazi, mtu hulowa jasho akiwa amekaa tu kivulini, na hapo ndipo ninapoona jagi limejaa pomoni juu ya meza iliyo mbali na mkono wa mgonjwa. Wengine hufanya makusudi. Mhudumu mmoja aliwahi kuniambia bila haya kwamba mzee akinywa sana anamaliza pampasi. Ni kweli pampasi za watu wazima ni ghali, na zile shilingi 2,000 za Inua Jamii ambazo serikali huwapa waliotimiza miaka 70 kwa mwezi hazitoshi kuzinunua, sembuse chakula na dawa. Lakini mzee asiyekunywa hukojoa mkojo mweusi wenye harufu kali, njia ya mkojo huota maambukizi, na kwa umri huo maambukizi mara nyingi hayaanzi na homa. Huanza na kuchanganyikiwa. Mtu aliyekuwa anaongea vizuri Ijumaa, Jumapili anaweweseka, anamwita marehemu mumewe, anataka kutoka nje usiku.

Katika Kaunti ya Kilifi, Mhariri, kuweweseka si jambo dogo. Nywele nyeupe, macho mekundu ya moshi wa kuni, na kutangatanga gizani bila kujua unakokwenda: mambo hayo yamewatia wazee wetu wengi midomoni mwa watu kuwa ni wachawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo. Mara nyingi nyuma yake pana shamba ambalo vijana wanataka ligawanywe. Kaya Godoma kule Ganze, na kituo cha chama cha utamaduni cha MADCA hapa kwetu Malindi, ni kimbilio la wazee wa namna hiyo. Siungi mkono wanaoviweka vituo hivyo kwenye mizani moja na nyumba za kulipia na kusema huku chakula ni duni. Aliyekimbilia huko alikuwa anaokoa shingo yake. Wanachostahili kutoka kwetu ni unga, magodoro na nesi wa kuwatembelea, wala si alama za mtihani. Ila hata nyumba za kulipia haziwezi kujitenga na hofu hiyo. Nimekuta mhudumu akikataa kuingia chumbani kwa bibi mmoja usiku kwa sababu bibi anaongea peke yake. Bibi alikuwa anaongea Kigiriama, na mhudumu alikuwa mgeni wa lugha hiyo. Ugonjwa wa kusahau humrudisha mtu kwenye lugha aliyonyonya, kwa hiyo nyumba ambayo zamu ya usiku haina hata mmoja anayesikia Kigiriama, kwa mji kama huu, mimi huiondolea alama nyingi kabla sijafika jikoni.

Mji wetu unaishi kwa nyota. Tunajua hoteli ipi ya ufukweni imepewa nyota ngapi, na tunajua kwamba Mamlaka ya Kudhibiti Utalii huja kukagua mpaka vitanda vya wageni. Mtalii wa wiki moja analindwa hivyo. Kitanda atakacholalia mama yako miaka iliyobaki, hakuna anayekuja kukipima. Marekani, serikali ilianza kuchapisha taarifa za kulinganisha makao ya kuuguzia wazee mwaka 1998, na tangu 2008 kila nyumba inayolipwa na bima za afya za serikali, Medicare na Medicaid, hupewa nyota 1 hadi 5. Nyota hizo hutokana na ukaguzi usiotangazwa, idadi ya wahudumu na hali ya wagonjwa wenyewe, ikiwemo wangapi wana vidonda vya kulalia. Sisemi wenzetu wamefaulu. Kwa miaka ya mwanzo hesabu ya wahudumu ilitolewa na wenye nyumba wenyewe, yaani kesi ya nyani kapelekewa ngedere, na nyota zikawa nyingi. Ilibidi tangu 2016 nyumba zitakiwe kuwasilisha rekodi za malipo ya mishahara, na mwaka 2022 wakaongeza hesabu ya wahudumu wa wikendi na ya wanaoacha kazi.

Hilo la wanaoacha kazi limenigusa, kwa sababu hapa ni donda. Malindi ina wazee wengi wa Kiitaliano waliohamia kumalizia umri wao kwetu, na akina mama wa Muyeye, Maweni na kwingineko wamejifunza ulezi kwa kuwahudumia. Ni walezi hodari. Lakini akishajua kumlisha mgonjwa asipaliwe, kumwosha kitandani na kuuangalia mpira wa mkojo, atakwenda anakolipwa vizuri, iwe ni nyumba ya Mzungu au Uarabuni. Makao yanayolipa mshahara wa kijungujiko hubaki na wapya kila mwezi, na kila mwezi wazee huanza upya kueleza wanapoumwa. Muulize mhudumu yuko pale tangu lini. Muulize mkiwa wawili, mwenye nyumba akiwa hayupo.

Najua wapo watakaoniambia kwamba hivi vyote si vyetu, mzee hulelewa na wanawe, kumpeleka makaoni ni aibu. Sitabishana nao sana. Mimi mwenyewe ningependa kufia kwangu. Lakini nimeingia pia kwenye nyumba ambazo wana wote wako mbali na mlezi ni mjukuu wa darasa la 6 anayekosa shule kumgeuza bibi yake, akiwa peke yake, bila glavu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mwenye umri mkubwa aishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na apate matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Vyote viwili vimetajwa pamoja.

Tunachohitaji hakingoji sheria mpya wala mradi wa wafadhili. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti huingia majikoni mwa hoteli na mikahawa kila siku kuangalia vyeti vya wapishi. Waongezewe nesi na afisa wa maendeleo ya jamii, waingie na kwenye makao ya wazee, bila kupiga simu kabla. Wafunue mashuka, wahesabu wahudumu, walinganishe karatasi za zamu na orodha ya mishahara. Wakitoka wabandike walichokikuta mlangoni, kwa Kiswahili cha kawaida, ili anayekuja kuuliza nafasi asome kabla hajapiga hodi. Uingereza makao hulazimishwa tangu 2015 kuonyesha matokeo ya ukaguzi pale mgeni anapoweza kuyaona, na biashara haijafa. Nyumba nzuri, na zipo hapa Malindi, zitafurahi.

Anwani kaunti inazo, kwa kuwa leseni ya biashara hulipiwa kila mwaka na mwombaji huandika mahali alipo. Ombi langu kwa Idara ya Afya ni kwamba ukaguzi wa kwanza ufanyike kabla Kaskazi haijaanza, na uanze baada ya Isha.

Nesi mstaafu,
Barani, Malindi